Mji Usio na Hati ya Kuzaliwa: Gungu na Sherehe za Kumbukumbu

Mtu huiadhimisha siku aliyozaliwa kwa sababu alikuwapo mwingine aliyeishuhudia na kuikumbuka. Mama alikuwapo, mkunga alikuwapo, na majirani walisikia vigelegele. Lakini mji huzaliwa bila mkunga. Yule aliyesimamisha kibanda cha kwanza hakujua kwamba anaanzisha mji. Alikuwa akitafuta maji, kivuli, udongo mwema wa kulima, au mahali pa kumkwepa adui. Waliomfuata hawakuhesabu siku. Hata nyumba zilipokuwa nyingi, soko likachangamka, na watoto wakaanza kuuliza mji huu ulianza lini, wale waliokuwapo mwanzoni walikwisha kufariki. Ndiyo sababu miji mingi inapotaka kufanya sherehe ya kumbukumbu hulazimika kwanza kuitafuta tarehe, na isipoiona huazima ya mtu mwingine.

Katika makala haya tunakusudia kulitazama jambo hilo kwa mfano wa Gungu, mahali palipo karibu na Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Twamwomba msomaji asidhani kwamba ni jambo dogo. Tarehe ambayo mji huichagua na kuisherehekea ni jibu la swali kubwa: sisi ni nani, na tulianza lini kuwa watu wa hapa? Mji ukilijibu vibaya swali hilo, watoto wake watakua wakijiona wageni katika historia yao wenyewe.

AYA INAYOSUMBUA

Yeyote aliyehudhuria sherehe katika miji yetu midogo anaujua utaratibu wake. Uwanja wa shule hufagiliwa tangu alfajiri. Turubai hufungwa, viti vya mbele hutandikwa vitambaa, na wanafunzi hupangwa juani kwa madarasa yao. Mgeni rasmi huchelewa kidogo. Akifika hupokewa kwa ngoma, huimbwa wimbo wa Taifa, na baada ya kwaya na ngonjera husimama katibu akaisoma risala ya wananchi. Sisi ambao kazi za utumishi zimetupeleka katika viwanja vingi vya namna hii, na ambao kwa ajili ya kupenda kwetu tungo tumeombwa mara kwa mara kuandika risala au kuzinyosha, twajua kwamba katika kila risala iko aya moja inayosumbua kuliko nyingine zote. Si aya ya maji, wala ya zahanati, wala ya barabara, kwani hayo huonekana kwa macho. Ni aya ya pili, ile inayofuata salamu, ambayo yapasa ieleze historia ya mji.

Kwa kawaida aya hiyo huwa na mistari mitatu. Husema kwamba mji ulianza zamani sana. Kwamba walipita Waarabu, Wajerumani na Waingereza. Na kwamba hatimaye ukaja Uhuru. Kisha msomaji wa risala hugeuza ukurasa kwa haraka, kama mtu anayevuka daraja bovu. Watu hupiga makofi kwa adabu. Lakini mzee aliyeketi nyuma, chini ya mti, amesikia kwamba miaka yote ya babu zake imekwisha kwa neno moja, «zamani», na kwamba waliobaki wakitajwa ni wapita njia. Huko ndiko kupotea kwa historia: haipotei kwa kuchomwa moto, bali kwa kufupishwa na wenyewe.

JINA NA MAHALI

Gungu ni kata mojawapo ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Imo baina ya miji miwili yenye majina makubwa: upande mmoja ni Kigoma, penye bandari na mwisho wa Reli ya Kati, upande wa pili ni Ujiji, soko la kale la misafara. Leo nyumba zimeungana, na mgeni hawezi kujua ni wapi anapotoka katika kata moja na kuingia katika nyingine. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 215,458 katika Manispaa nzima, na ile ya 2022 ikawahesabu 232,388. Hata hivyo tabia ya shamba haijaondoka. Baina ya nyumba na nyumba utauona mchikichi, mti ambao ni sahihi ya Kigoma, na huko pembezoni utaiona mihogo na maharage.

Msomaji wa mashairi alisikiapo jina la Gungu atazikumbuka ngoma za gungu za pwani ya kaskazini, gungu la kukwaa na gungu la kufunda, zilizochezwa katika sherehe za watu wa Lamu na Pate na kuhusishwa na jina la Fumo Liyongo. Sisi hatudai kwamba majina haya mawili yana asili moja. Kufanana kwa sauti si udugu. Twalitaja jambo hili kwa kuwa ni onyo jema kwa mwanafunzi wa historia. Jina hushawishi, na mtu mwenye haraka ya kuipata asili huokota iliyo karibu. Ndivyo tunavyofanya na tarehe pia.

Jambo moja twaweza kulisema kwa yakini. Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji mwezi Februari 1858, na kitabu ambacho Burton alikichapisha mwaka 1860 kinaitaja Gungu kuwa mahali penye mkuu wake, mbali na Kawele ambako wageni hao walipanga. Basi jina la Gungu lilikwisha kutamkwa miaka 56 kabla garimoshi halijafika Kigoma. Siku hizi tumezoea kuiita Gungu kitongoji cha Kigoma, ilhali ule mji wa bandari na stesheni ndio uliokuja baadaye. Mdogo mtu amepata cheo, na sasa ndugu wote wanaitwa kwa jina lake.

Lakini tujihadhari hapa pia. Kuandikwa kitabuni si kuzaliwa. Aliyeliandika jina la mji kwa mara ya kwanza siye aliyelitamka kwa mara ya kwanza. Alilikuta vinywani mwa watu.

TAREHE ZA KUAZIMA

Ukanda huu wa ziwa una tarehe nyingi mashuhuri, na kila moja yaweza kuazimwa na kamati ya sherehe. Mashuhuri kupita zote ni 1871, mwaka ambao Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone pale Ujiji. Mahali hapo pana mnara na jumba la makumbusho, na miembe iliyopandwa badala ya ule mwembe wa zamani uliokufa. Watalii huja kwa ajili ya siku hiyo moja, na vitabu vya shule huitaja.

Hebu tuichunguze siku yenyewe. Mnara unasema ni tarehe 10 Novemba 1871, kwa kufuata maneno ya Stanley. Shajara ya Livingstone huiweka mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua njiani, na wote wawili walikuwa wamechanganya hesabu za siku zao. Hata mahali napo pamesogea, kwa maana ya kuwa ziwa ndilo lililosogea. Katika mwaka 1878 maji yalikuwa yamejaa sana, kisha yakazoa kizuizi kilichokuwa kinywani mwa mto Lukuga, upande wa Kongo, yakateremka kwa miaka mingi. Ujiji iliyokuwa ukingoni mwa maji ikabaki nchi kavu, na leo mnara uko mbali na ufuko. Katika miaka hii ya karibuni maji yamepanda tena na kuingia katika makazi ya watu. Basi tarehe tunayoiona kuwa imara kama jiwe imejengwa juu ya hesabu za wagonjwa wawili na ufuko usiotulia.

Tena, walikuwapo watu wengine siku hiyo. Abdullah Susi na James Chuma, wahudumu wa Livingstone, ndio waliotoka mbele kumlaki Stanley kabla ya bwana wao. Na katika msafara wa Stanley alikuwamo Mubarak Bombay. Huyu Bombay alikuwa Myao aliyetekwa angali mtoto, akauzwa mpaka Bara Hindi, akarudi Afrika akiwa mtu huru. Alikuwapo Ujiji mwaka 1858 pamoja na Burton na Speke. Alikuwapo mwaka 1871 pamoja na Stanley. Akaja tena mwaka 1874 pamoja na Cameron. Wazungu walibadilika, yeye ni yule yule. Kama tunamtafuta shahidi wa tarehe hizo zote tatu, ni yeye, na ingefaa mwanafunzi wa Kigoma alijue jina lake kabla ya kuyajua ya wale aliowaongoza.

Tarehe nyingine ni za chuma. Reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwezi Februari 1914, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250. Kwa reli hiyo hiyo zililetwa sehemu za meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000. Ilishushwa majini Kigoma Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mnamo tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe wasije wakanyang'anywa, na Wabelgiji wakaushika mji. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la upande wa kusini wa ziwa. Nayo nchi ilikuwa imekwisha kubadilishwa mikono: mwaka 1921 Wabelgiji waliwakabidhi Waingereza eneo la Kigoma, wao wakabakiziwa sehemu ya bandari kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka.

Hatuzidharau tarehe hizi. Reli iliugeuza uso wa nchi, na meli ya Liemba iliwabeba wafanyabiashara, maharusi, na maiti wanaorudishwa kwao; tena mwezi Mei 2015 ilikwenda Kagunga kuwachukua maelfu ya wakimbizi wa Burundi na kuwaleta Kigoma. Tunalosema ni hili: kila moja ya tarehe hizo ni siku ambayo kitu au mtu alifika. Tukiisherehekea kuwa ni siku ya kuzaliwa kwa mji, tunasema kwamba kabla ya hapo hapakuwa na mtu wa kumpokea mgeni. Lakini mgeni hafiki mahali pasipokuwa na mwenyeji. Anayeiadhimisha siku ya kuja kwa mgeni, pasipo kumtaja aliyempokea, amekula karamu na kumsahau mpishi.

KALENDA YA WENYEJI

Je, wenyeji hawakuwa na hesabu yao? Walikuwa nayo, na mpaka leo ipo kwa anayeitafuta.

Kwanza ni hesabu ya ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu taa haiwavuti, na wavuvi hukaa nchi kavu wakatengeneza nyavu na mitumbwi. Kwa hiyo katika mialo kama Kibirizi na Katonga mwezi haujawa pambo la mashairi tu. Ni ratiba ya kazi, ya ndoa, na ya kulipa deni. Mtu atamwambia mwenziwe kwamba atamlipa «giza likirudi», na wote wawili wanaijua siku yenyewe bila kutazama karatasi.

Pili ni hesabu ya chumvi na soko. Huko Uvinza, karibu na mto Malagarasi, ziko chemchemi za maji ya chumvi. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba huko katika miaka ya 1960 walikuta vigae na alama za kazi ya kuchemsha chumvi za tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Chumvi hiyo ilibebwa kwenda kila upande, na soko la Ujiji lilikuwa mlango wake wa ziwani, pamoja na samaki, mawese, nafaka, pembe za ndovu, na, ole wetu, wanadamu. Cameron, aliyefika mwaka 1874, alieleza jinsi soko hilo lilivyokuwa na fedha yake: shanga ziitwazo sofi, zenye umbo la vipande vya kiko kilichovunjika. Asubuhi walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi waliowabadilishia wanunuzi, na soko lilipofungwa wakazirudisha kutoka kwa wauzaji, wakipata faida kwenda na kurudi. Mahali penye wabadilishaji fedha ni mahali penye kanuni, uaminifu na mazoea ya siku nyingi. Soko la namna hiyo halikuzuka siku mgeni alipofika kuliandika.

Tatu ni hesabu ya matukio. Mzee asiyekuwa na cheti hakosi umri. Atakwambia kwamba alizaliwa mwaka wa njaa fulani, au mwaka maji yalipopanda, au kwamba alikuwa anatambaa wakati wa vita fulani. Mwalimu hodari akiyachukua maneno hayo na kuyalinganisha na yaliyoandikwa, mara nyingi huupata mwaka wenyewe. Kizazi cha karibu nacho kina alama zake: operesheni ya vijiji iliyowahamisha watu wengi mkoani Kigoma katika miaka ya 1970, na miaka ya wakimbizi, 1972, 1993, 1996 na 2015, ambapo watu wa mkoa huu waliwagawia jirani zao ardhi, kuni na maji.

WALIOKUJA NA WALIOLETWA

Sasa tumefika mahali ambapo risala nyingi hunyamaza. Watu wa ukanda huu wametoka wapi? Wako Waha na Wajiji, wenyeji wa nchi. Wako Wabwari, Wabembe na Wagoma, ambao wengi wao asili yao ni visiwa na ufuko wa ng'ambo ya ziwa. Wako Wanyamwezi waliokuja na misafara, na watu wa pwani waliokuja na biashara na dini. Na wako wale walioitwa kwa jina moja la Wamanyema, kwa kuwa walitoka upande wa magharibi ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Kongo.

Miongoni mwa hao wako waliokuja kwa miguu yao kutafuta riziki, na wako walioletwa wamefungwa. Soko lililokuwa na kanuni njema za sofi lilikuwa pia soko la watu. Baadhi ya waliovushwa ziwa walipelekwa mbele, Tabora na Bagamoyo. Wengine walibakizwa hapa hapa, wakalima, wakajenga, wakavua, wakaoa na kuolewa. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, yaani katika siku za babu na bibi za watu ambao tumewaona kwa macho yetu. Mwaka 2006 Tanzania iliipendekeza njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe kwa Shirika la UNESCO ili ifikiriwe kuwa urithi wa dunia, na Ujiji imo katika orodha hiyo pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara. Dunia imeombwa ikumbuke. Mbona sisi kwenye risala twaona haya?

Wahenga walisema, «Mwacha asili ni mtumwa.» Methali hii huimbwa katika kila sherehe ya utamaduni, na ni kweli tupu. Lakini katika mji ambao baadhi ya wazee wake waliletwa kwa kamba, yapasa itamkwe kwa uangalifu, maana inaweza kumjeruhi mtu ambaye hakuiacha asili yake, bali aliporwa. Sisi twaielewa hivi: aibu si kuwa mjukuu wa aliyetekwa, aibu ni kumficha babu ili watu wasijue alitekwa. Anayemficha ndiye anayeiacha asili. Anayemtaja kwa heshima amemkomboa mara ya pili.

Tena kuna fahari kubwa hapa, na ndiyo tunayoipoteza tunaponyamaza. Watu hawa waliokuja na walioletwa, wenye lugha nyingi na vidonda vingi, walitengeneza mji mmoja. Waliishi msikiti mmoja na soko moja, wakaingia kanisa moja, wakazikana. Walikifanya Kiswahili kuwa lugha ya uani na ya barazani hapa mbali na bahari, kabla Kiswahili hakijafanywa lugha ya Taifa na serikali yoyote. Tukisema leo kwamba Watanzania wa makabila mbalimbali wamekuwa ndugu, tunalisema jambo ambalo miji ya ziwa ilikwisha kulianza kulifanyia mazoezi.

SHEREHE NA NGOMA ZAKE

Tuirudie sherehe. Mji kama Gungu, kwa kukosa siku yake, husherehekea siku za Taifa: tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru wa 1961, Saba Saba, siku ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954, na siku Mwenge wa Uhuru unapopita. Desemba ni mwezi wa mvua katika Kigoma, na si mara moja wala mbili sherehe ya Uhuru imekimbilia darasani, gwaride likachezwa kwenye tope. Julai ni kiangazi. Vumbi hupanda pamoja na ngoma. Mwaka 2011, Uhuru ulipotimiza miaka 50, mikoa iliandika taarifa za maendeleo yake ya nusu karne, na kwa mara moja idadi ya shule, visima na zahanati ikajulikana mpaka vijijini.

Ilikuwa kazi njema. Lakini hesabu ya visima si historia ya wachota maji. Ajabu ni kwamba katika uwanja huo huo historia huwa inachezwa, ila haisomwi. Angalia ngoma. Lelemama ya akina mama ilitoka pwani ikafuata njia za misafara. Beni, pamoja na vyeo vyake na magwaride yake, ilianza katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea bara kwa askari wa Vita ya Kwanza na kwa reli. Kila ngoma ni hati ya safari. Miguu ya wachezaji inakumbuka njia ambayo katibu ameiruka katika risala.

Na ushairi pia ni hati. Ngonjera zinazosemwa na wanafunzi viwanjani zilienezwa na mshairi Mathias Mnyampala wa Dodoma, aliyefariki mwaka 1969, ili mashairi yatoke katika daftari na kuwafikia watu. Na katika waasisi 17 wa TANU wa mwaka 1954 alikuwamo mshairi, Saadani Kandoro, aliyetuachia kitabu cha Mwito wa Uhuru. Haikuwa sadfa kwamba mtunzi aliketi pamoja na wanasiasa. Watu wetu walizoea kwamba jambo kubwa halijawa jambo mpaka liimbwe. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipoanzisha Wizara ya Utamaduni na Vijana, alitaka tuone fahari katika vilivyo vyetu. Na fahari haiji kwa kuamriwa, huja kwa kujua.

KUIANDIKA AYA UPYA

Basi tufanye nini? Hatusemi kwamba Gungu ibuniwe tarehe. Tarehe ya kubuni ni uongo uliovaa nguo za sikukuu. Wala hatusemi sherehe zikome mpaka wataalamu wapatane. Twasema aya ya pili ya risala iandikwe na mji wenyewe, na shule zake ziwe makarani.

Mwalimu wa historia anaweza kuwagawa wanafunzi wake makundi matatu. Kundi la kwanza liende kwa wazee wa mitaa, likawaulize si mji ulianza lini, bali nani alimkuta nani: «Ninyi mlipohamia hapa, mlimkuta jirani gani? Naye alisema alimkuta nani?» Swali hilo humrudisha mtu nyuma hatua kwa hatua bila kumtisha. Kundi la pili liandike majina ya mahali, ya miti mikubwa, ya visima na ya makaburi, pamoja na maana ambazo watu huzitoa, hata zikipingana. Kundi la tatu likusanye nyimbo za ngoma na kuuliza zilitoka wapi na nani alizileta. Kisha yote yalinganishwe na vitabu, na pale ambapo mdomo na kitabu havikubaliani, mwanafunzi aandike vyote viwili, asimpe ushindi mmoja kwa sababu tu amechapishwa. Tumeona jinsi waliochapishwa walivyokosana juu ya siku moja tu ya mwaka 1871.

Kazi hii haiwezi kungoja. Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli mpya ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma. Tarehe nyingine ya chuma yaja, nayo itakuwa na mnara wake na hotuba zake. Tusipojiandaa, baada ya miaka 100 wajukuu wetu wataambiwa kwamba mji wao ulizaliwa siku garimoshi hilo lilipopiga honi.

Kwa maoni yetu, aya yenyewe ingeweza kusomeka hivi, nao wananchi wa Gungu waisahihishe wapendavyo:

«Ndugu mgeni rasmi, mji wetu hauna siku moja ya kuzaliwa, kwa sababu haukuanzishwa na mtu mmoja. Walikuwapo wenyeji waliolima na kuvua. Wakaja wengine kwa hiari yao, na wengine wakaletwa bila hiari, na hao wote ndio wazee wetu. Waliuzwa watu katika soko la jirani, na hatulisahau hilo. Wageni walipoliandika jina letu mwaka 1858 walitukuta hapa. Reli ilitukuta hapa, meli ilitukuta hapa, na Uhuru ulipokuja mwaka 1961 ulitukuta tunaungoja. Leo hatusherehekei siku tuliyofikiwa. Twasherehekea kwamba tulikuwapo, na kwamba tumekuwa wamoja.»

Maneno hayo si mengi, na hayazidi dakika moja kuyasoma. Bado nafasi ya maji, zahanati na barabara itakuwapo. Lakini yule mzee aliyeketi nyuma chini ya mti atainua kichwa, na mtoto aliyesimama juani katika mstari wa darasa lake atajua kwamba historia aliyoisikia ina nafasi yake ndani. Tuwape watoto wetu urithi huo kwanza, kisha tupige ngoma.